Noeli ya Baba Kwenye Simu za Watu

Ulyankulu,
29 Desemba 2024

Mwanangu Inamahoro,

Amani ya Noeli ikukute wewe, mumeo Masanja na wajukuu zangu. Je, kifua cha mdogo kimepona? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua imeshika vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na kaka yako Havyarimana anashinda shambani na palizi.

Niliona umenipigia simu siku ya Noeli, tena na tena. Sikupokea. Usidhani nimekasirika kwa kuwa hukuja. Siku hizi nikiongea maneno yananikimbia, lakini nikiandika yananingoja. Ndiyo maana nimempa Leodgar wa lori karatasi hii akufikishie hapo Cheyo.

Padre alikuwa na zamu kigango kingine, kwa hiyo ibada niliongoza mimi, kama miaka yote tangu ukiwa mdogo. Watu walijaa mpaka nje. Masomo niliyasoma bila shida, maana yako kitabuni. Tulipofika kwenye Baba Yetu nikanyoosha mikono, nikaanza, na kanisa zima likafuata. Tulipotamka “duniani kama mbinguni,” mbele yangu pakawa peupe. Sala niliyowafundisha wote waliokuwa mle ndani, mwanangu, mpaka wewe. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Mara nikasikia mdomo wangu unasema *Dawe wa twese, uri mw'ijuru*, kama mama yangu alivyonifundisha Burundi kabla hatujakimbia. Watu wakachanganyikiwa, wakanyamaza mmoja mmoja, nikabaki ninasali peke yangu kwa Kirundi. Vijana hawakijui, wakacheka. Mwenyekiti wa kigango, Silasi, akaja akaninyang'anya kipaza sauti taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi nilitoka shambani nikakosa njia ya kurudi nyumbani, nikakaa chini mpaka ikanijia. Hata Havyarimana hajui. Nakuambia wewe tu, kwa sababu jambo kama hili likikaa ndani peke yake linaoza. Libaki kwetu wawili.

Tangu siku ile sijavuka ua wa nyumba. Naona aibu, mwanangu.

Ni mimi baba yako,
Nsabimana

*

Cheyo, Tabora,
6 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Kifua cha mdogo kimepona, sasa anasumbua nyumba nzima. Masanja anakusalimu, na watoto wanauliza Babu anakuja lini.

Barua yako niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, nikajifunika uso kwa khanga. Baba, usione aibu. Nani asiyesahau? Hiyo ni kazi ya miaka mingi, mwili umechoka. Waliocheka ni watoto, hawajui wanachokicheka. Rudi kanisani, ukakae mahali pako.

Nitaulizia daktari, kisha nije kukuchukua ukapimwe. Sasa hivi ni ada za shule na sare, unajua Januari ilivyo, lakini nitakuja.

Jana, Jumapili ya Epifania, parokia yetu iliwapa waumini nafasi ya kusimama na kutoa tafakari zao za Noeli. Nami nilisimama. Nilisema kidogo kuhusu nyumbani. Watu waliguswa sana, Baba, ungefurahi.

Kula vizuri. Usishinde ndani.

Mwanao,
Inamahoro

*

Cheyo, Tabora,
2 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Ninauliza hali yako nikijua pengine hutanijibu.

Leodgar amepita mara kadhaa bila barua yako. Nimekupigia, hupokei. Juzi nikampigia Havyarimana. Salamu yangu hakuiitikia. Akaniambia, “Dada, umetufanya nini? Mzee amekusikia.” Akakata.

Sasa nakwambia mwenyewe, ingawa umekwisha kujua. Ile Jumapili sikusema “kidogo kuhusu nyumbani.” Walionitangulia walisimulia Noeli zao: mmoja kapata mtoto baada ya kungoja sana, mwingine kapatana na ndugu yake. Nilikuwa na barua yako kifuani. Nikasimama, nikasema baba yangu, katekista, aliyenifundisha Baba Yetu, ameisahau Baba Yetu mbele ya kanisa siku ya Noeli. Nikasimulia ile sala ya Kirundi. Nikasimulia vicheko. Nikasimulia hata ile njia ya shambani. Nikamaliza kwa kusema kwamba hata tukimsahau Mungu, yeye hatusahau. Kanisa likalia. Wakapiga vigelegele. Sikuona kwamba kuna mtu ananirekodi.

Ulisema libaki kwetu wawili. Sikusahau, Baba. Nilikumbuka nikiwa nimesimama pale, nikaendelea.

Nisamehe.

Inamahoro wako

*

Ulyankulu,
16 Februari 2025

Inamahoro,

Nimepokea salamu. Mimi nipo.

Nitakueleza nilivyosikia, ili ujue.

Havyarimana alinibembeleza nitoke, nikatoka. Nikaenda mashine ya kusaga na debe la mahindi. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi wamezunguka simu. Nikasikia sauti yako. Nilifurahi, nisikufiche. Nikasema kwa nguvu, “Huyo ni mwanangu!” Wakashtuka, yule mwenye simu akataka kuizima. Nikamwambia, “Acha, mama, nimsikie.” Wakaacha. Nikasimama pale natabasamu mpaka nilipoelewa unamsema nani.

Sikuondoka. Unga wangu ulikuwa bado.

Baada ya wiki Paroko akaja nyumbani, akanishika mikono yote miwili. Akasema, “Mwalimu, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika.” Wamemweka Nikolaus. Ni kijana mzuri, sina neno naye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga kumwomba Paroko anipumzishe baada ya Pasaka. Nilitaka niombe kwa mdomo wangu.

Kuna hili la dukani pia. Nilikwenda kwa Zamda, nikamwambia, “Nataka...,” nikasita kidogo, kama mtu yeyote anavyosita. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akamwambia, “Msaidie Mwalimu, si unajua.” Zamda akaniwekea chumvi, sabuni na kiberiti juu ya meza, nichague kwa kidole. Nikachagua chumvi. Sikuwa nimefuata chumvi. Nilikuwa nimefuata mafuta ya taa, na neno hilo nilikuwa nalo, ila nilishikwa na haya kulitoa. Zamda hata si wa kanisa letu. Habari imefika mpaka kwake.

Unasema nikusamehe. Mimi nimefundisha watu kusamehe maisha yangu yote, siwezi kukataa. Lakini wewe umekuja kuniomba pembeni, kwenye karatasi, mahali ambapo hakuna anayekuona. Aibu yangu hukuiweka pembeni. Uliposema, ulisimama wapi? Simama hapo hapo. Waambie watu wale kwamba sikukutuma.

Baba yako,
Nsabimana

*

Cheyo, Tabora,
10 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Naomba Kwaresima hii ikukute na nguvu. Watoto ni wazima. Mimi sijui nisemeje.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima bila kumwonyesha mtu. Kisha nikamwonyesha Masanja. Nilitaka aniambie umezidisha. Akasoma, akanirudishia, akasema, “Nenda kaombe nafasi.”

Nikaenda kwa Theodora, katibu wa halmashauri ya walei, ndiye anayepanga matangazo. Akashangaa. “Dada, ile tafakari iliwagusa watu kuliko mahubiri. Kuna waliorudi kanisani kwa ajili yake. Unataka kuibomoa?” Nikamwambia baba yangu yu hai na ana masikio. Akaniambia niseme kwa kifupi.

Jana, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, baada ya komunyo, nikasimama pale pale. Nikasema: “Siku ya Epifania niliwaeleza aibu ya baba yangu, mkanipigia vigelegele. Alinieleza kwa siri, kama baba anavyomwamini mtoto wake. Hakunituma. Walionirekodi wamemfikishia, na watu wa kwao sasa wanamtazama kama mtoto. Aliyestahili aibu siku ile ni mimi. Naomba mlio na sauti ile muifute.”

Nilidhani nitalia, sikulia. Nilidhani watalia, hawakulia. Walitazama chini. Mtu alikohoa. Kwaya ikaanza wimbo sijafika kwenye benchi langu. Nje, mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye tangu Januari alikuwa akinishika mkono kila Jumapili na kuniita mbarikiwa, akanipita. Mwingine akaniambia, “Ulikuwa umetujenga, sasa umetuvuruga.” Sijui kama kuna hata mmoja aliyeifuta.

Lakini ninalotaka ulijue ni lingine, na hili sikulisema kanisani. Ile Jumapili ya Januari nilirudi nyumbani nina furaha. Nilipika wali nikiimba. Barua yako ilikuwa imenijia ikinililia, nami badala ya kupanda gari la Ulyankulu nikaenda kwenye kipaza sauti. Nilikwambia Januari ni ngumu, ada, sare. Nauli nilikuwa nayo, Baba. Niliogopa kukuona hivyo. Kusimulia habari zako kulikuwa rahisi kuliko kukutazama.

Sikuombi unijibu. Nimeomba ruhusa kazini wiki ya Matawi. Ukisema nisije, sitakuja.

Mwanao mwenye aibu,
Inamahoro

*

Ulyankulu,
23 Machi 2025

Mwanangu Inamahoro,

Kristo akutunze, wewe na nyumba yako. Mimi nakula, nalala, napiga hatua zangu asubuhi mpaka kisimani na kurudi. Mahindi yamekauka vizuri, Havyarimana ameanza kuvuna.

Barua yako nimeielewa. Nilipokuambia usimame, nilikuwa na hasira. Usiku wa pili hasira ilipungua nikataka kukutumia neno uache, lakini lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Umesimama. Basi. Sitaki tena tulizungumze kwenye karatasi.

Jumapili iliyopita nilirudi kanisani. Nilikaa kwenye benchi la kati, na mzee mmoja kila upande, mahali ambapo sijawahi kukaa maishani mwangu. Kutoka pale huoni altare vizuri, kuna nguzo. Nilikuwa sijui. Nimewaongoza watu wale miaka yote, sikujua kama walio nyuma ya nguzo hawanioni. Tuliposali Baba Yetu niliifuata sauti ya wengine mpaka mwisho. Sehemu nyingine nilizijua, nyingine walinibeba.

Njoo wiki ya Matawi. Kwa daktari tutakwenda, sikatai. Watoto waje pia, ila uwaeleze kabla, kwa maneno yako, wasije wakashtuka.

Kuna jambo moja uniahidi. Siku itafika nitakutazama, na jina lako halitakuja. Nalijua hilo kuliko daktari. Siku hiyo usiniwahi. Usiniambie, “Baba, ni mimi Inamahoro.” Kaa karibu yangu, nitazame, uniache nilitafute mwenyewe. Hata nikichelewa sana.

Baba yako,
Nsabimana