Lile Goli la Katikati ya Uwanja

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu ututoke. Tungependa kuandika kama wengine, kwamba ulikuwa mpole na tulikupenda, yakaishia hapo. Lakini tuna aibu, na aibu yenyewe haifichiki.

Ulikuwa fundi bomba. Mtaa mzima ulikujua kwa baiskeli yako na ule mkoba wa spana uliopiga kelele njia nzima. Ukiziba bomba la jirani, hukuondoka mpaka umelipapasa kwa kiganja kikavu kuona kama bado linavuja. Ulikuwa mwepesi wa kucheka. Kununa hukukujua.

Hadithi yako ilikuwa moja tu: fainali ya vijana, dakika za mwisho, wewe beki namba tatu, ukapiga mpira kutoka duara la katikati ukaenda moja kwa moja wavuni. Tuliisikia tangu tunatambaa. Tukikuuliza, "Haya, kipa alikuwa nani?" unasema, "Jina limenitoka." Basi ndiyo ikawa kicheko. Nyumbani uongo ukapewa jina, "katikati". Mtoto akidai kapiga mswaki na mswaki mkavu, anaambiwa, "Hilo ni la katikati hilo!" Mama alisema, "Mwacheni baba yenu jamani." Hatukusikia la mtu.

Aliyezidisha ni kifungua mimba wako, mpima viwanja. Jumapili moja alikuomba mwende uwanjani pamoja na wakwe zako wawili, waume wa binti zako. Ulipiga pasi shati. Ulidhani hatimaye mwanao ameamini, anataka kupaona mahali penyewe. Ulisimama kwenye duara ukamshikia ncha ya utepe wa kupimia, naye akatembea nao hadi golini. Akarudi anatangaza, "Mita hamsini na moja! Mzee, kwa miguu hii? Acha kutia chumvi!" Wakwe zako wakashika mbavu. Nawe ulicheka, ila ulianza kuuviringisha ule utepe taratibu, unaufuta vumbi, mpaka ukaisha. Toka siku hiyo hukulitaja tena lile goli. Kifungua mimba aliliona hilo, akajifanya hakuliona.

Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja mzee mmoja mwoka mikate, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikaa kiti cha karibu na mlango, akamwambia kifungua mimba, "Mimi ndiye kipa niliyefungwa na baba yako."

"Ulifungwa lini, mzee?"

"Kwenye ile fainali. Nilikuwa nimesogea pembeni naongea na binti mmoja. Baba yako aliniona, ndiyo maana akapiga kutoka kule katikati. Wengine walidhani nimeteleza. Baba wa yule binti alikuwa mkali, ikijulikana angempa taabu. Nikamwomba baba yako asinitaje, watu wasije kuniuliza nilikuwa wapi. Akaniambia, 'Nimeshalisahau jina lako.' Miaka arobaini na mitatu, hajanitaja. Kwani nyie aliwahi kuwasimulia?"

Kifungua mimba aliinuka akaenda chumbani kwako. Akakaa kitandani bila kuvua viatu. Mama alipomfuata, alimuuliza, "Mama, wewe ulijua?"

"Ya kipa sikuyajua," Mama alisema. "Nilijua baba yenu si mwongo. Hilo lilinitosha."

Baba, ungeweza kutunyamazisha kwa jina moja tu, tena la mtu wa mtaa wa pili. Ulikubali kuitwa mwongo na watoto uliowazaa, ukaendelea kututengenezea mabomba yetu. Tulikukosea, tena tulikukosea huku tunacheka. Tunakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma hapa, kwa kuwa tulikucheka mbele ya watu. Mwoka mikate ametupa ruhusa kuyaandika haya. Mkewe pia, maana binti mwenyewe ni yeye, na baba yake alishatangulia zamani.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye hakutaka ushahidi; binti zako wawili na waume zao; wajukuu zako wote watano; mafundi wenzako; na mwisho kabisa kifungua mimba wako, aliyekataa kutangulia kwenye orodha hii.

Hutatutoka moyoni, Baba. Tunakuamini.