Watunzi Watatu, Kumbe Bibi Mmoja

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia hata mama: ile faharasa ya watunzi ambayo shangazi anaamini nimeipiga chapa kwa vidole vyangu wiki mbili nzima, sikuipiga, niliandika programu ya mistari arobaini na moja, na kompyuta ikaimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Nimemaliza shule juzi tu, nasubiri matokeo, namsaidia shangazi kwenye duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi. Kwaya yetu inatoa kitabu cha nyimbo mia tatu na kumi na mbili, na mimi nikapewa kurasa za mwisho, za majina ya watunzi kwa alfabeti. Majina yenyewe ni vurugu, maana kwayani kwetu hakuna anayeandikwa kwa jina la cheti, huyu ni Fundi Saa, yule Mama Pacha, daftari moja limeweka Mama mbele, jingine limeitia kwenye mabano. Nikaiagiza programu ivue Dada, Mama, Baba, Bibi, kisha ikusanye yanayobaki sawa. Mara ya kwanza ikaniumbua, ikamfanya Mama Pacha na Baba Pacha mtu mmoja, nikacheka peke yangu mpaka shangazi akauliza kama nina homa. Nikairekebisha, wanawake kando, wanaume kando. Ndipo ikatoa kitu nisichokitarajia: Dada wa Kiti cha Nyuma, Mama wa Kiti cha Nyuma na Bibi wa Kiti cha Nyuma, ambao kitabu cha zamani kiliwahesabu watu watatu, wakawa mmoja mwenye nyimbo kumi na tisa, wakati mwalimu wa kwaya, anayetangazwa kila tamasha kuwa mtunzi wetu namba moja, ana kumi na nne.

Sikuiamini mashine, nikaenda kwa bibi mwenyewe, yule anayekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa ajili ya goti lake bovu tangu utotoni, nikamkuta anashona kifungo. Nikamsomea vichwa vya nyimbo bila kumwambia kwa nini, na kila nikitaja kimoja anaimba ubeti wa kwanza, zote kumi na tisa. Akasema, "Nilianza kutunga nikiwa msichana kama wewe, mjukuu wangu. Majina wamenibadilishia wao. Kiti sijabadilisha."

Basi mwalimu alipokuja kukagua, alipitisha kalamu nyekundu juu ya jina la bibi, akasema binti amechoka, amechanganya watu, watenganishwe watatu kama zamani. Shangazi akaomba radhi kwa niaba yangu, mimi nikaangalia viatu. Kitabu kinaingia mtamboni wiki ijayo. Nikisema ninavyojua, shangazi atajua kwamba wiki mbili nilikuwa najifanya nachapa. Nifanyeje? Jina langu tafadhali usilitoe.

*

Marahaba, binti yangu. Nikugombeze kwanza, tumalize. Umefanya kazi ya kujivunia, ukaificha kama aliyevunja sahani. Wiki mbili unagongagonga vitufe mbele ya shangazi yako, hukuchoka? Haya, aibu ni yako, ukitaka kaa nayo. Nyimbo kumi na tisa si zako, huna ruhusa ya kuzinyamazia.

Sasa sikia. Kesho, kabla duka halijafunguliwa, mwambie shangazi. Mdomo ukikugomea, washa kompyuta, iendeshe programu mbele yake, aone. Kisha chapa karatasi moja: kila wimbo, na jina ambalo bibi alikuwa akiitwa alipoutunga. Mpelekee bibi kwanza, maana ruhusa ni yake. Akikubali, nendeni mazoezini. Hotuba haihitajiki. Mpe mwalimu karatasi, achague wimbo wowote, bibi aimbe. Wala usimcheke mwalimu, kumi na nne si haba. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Jina lako nimelificha. La bibi lisifichwe.

*

Mshauri, nimefanya. Shangazi aliitazama programu mpaka mwisho, akaniambia niirudie, mara ya tatu akamwita jirani, fundi viatu, aje aone. Bibi alikubali, na mazoezini nikampa mwalimu karatasi. Mwalimu alichagua wimbo wa zamani kuliko zote, nadhani alitegemea bibi amesahau. Bibi akauanzisha palepale kwenye kiti chake, safu nzima ya mbele ikageuka na kumpokea, na kwenye kiitikio mwalimu mwenyewe akaingia na besi. Ulipokwisha alitoa ile kalamu nyekundu, akaandika kumi na tisa kwa mkono wake.

"Kumbe miaka yote naongoza nyimbo zako, mama," akasema.

"Na miaka yote unaziharakisha," bibi akamjibu.

Kitabu kimetoka. Jina lake liko mahali pamoja, na namba kumi na tisa za kurasa zimejipanga nyuma yake mpaka zimeshuka mstari wa pili. Shangazi ananitambulisha kwa wateja kama fundi wake wa kompyuta, na safari hii siangalii viatu.

Ila bibi ametunga wa ishirini. Tunaufanyia mazoezi dukani, mlango tukiwa tumeurudishia, na utaimbwa siku ya uzinduzi wa kitabu, na atakayeuanzisha, peke yake, mbele ya watu wote, ni mimi. Mwalimu hajui. Wewe na yeyote atakayesoma hapa, nawaomba sana, msimwambie.