Mama amejua kuhusu Sairowua

Dada Dorkasi, uko wapi? Mama amejua.

Mchana huu jirani aliweka filamu sebuleni kwangu, ya mfungwa anayesubiri kunyongwa. Imetafsiriwa, DJ anaeleza kila kitu kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa jikoni. Tangu Mama aje kutoka Kakesio hajawahi kujali TV. Leo ndiyo amekaa akaangalia.

Ikafika pale mama wa mfungwa anamtembelea mwanawe, askari wamemsimamia kila upande. Mama akaniita. "Naipanoi, hivi ndivyo wanavyomlinda kaka yako."

Nikamwambia hayo ni maigizo.

"Sikuulizi maigizo. Sairowua amefungwa, au anangoja kamba?"

 Dorkasi, nilinyamaza tu, na hilo likawa jibu.

Hakulia. Aliomba wembe anyoe kichwa, kama tulivyonyoa alipofariki Baba.

Nikasema, "Yeyo, mama yangu, huyu yuko hai."

Akasema, "Baba yenu tangu afe hatumtaji jina, maana kwetu marehemu hatajwi. Na huyu miaka yote mnamwita 'yule wa Arusha'. Mimi nikadhani mnaona aibu. Kumbe mlishamzika, mkaniacha peke yangu nampelekea sabuni."

 Ni kweli hatumtaji. Hata mimi.

Sasa amekaa kitandani kwangu na wembe mkononi. Anasema nikiacha kulitaja jina la Sairowua, ananyoa. Nalitaja huku nakuandikia, na sauti inakauka. Njoo unipokee zamu.