Sauti Iliyokuwa kwenye Mashine ya Saba

Jumatano, Kibiti. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua haijashuka. Joto linanata. Nimerudi kutoka kipindi cha mchana na hata viatu sijavua.

Leo nimemwambia Somoe.

Nilichelewesha siku tatu. Nilijiambia nasubiri apumzike kwanza, maana Jumapili ndiyo karudi kutoka Mbwera, kwenye arobaini ya mama yake. Uongo. Nilikuwa naogopa uso wake.

Nafundisha chuoni mifumo endeshi ya kompyuta, mwaka wa kwanza, darasa la Somoe. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya vitendo: kufuta diski yote na kuweka mfumo endeshi upya. Wengi wao hawana kompyuta zao. Kila mmoja ana mashine yake maabara, na humo ndimo anamoweka mambo yake. Kwa hiyo nina sheria moja: hatufuti mashine mpaka mwenyewe aseme kwa mdomo wake, "Nimetoa vyangu." Nilipofika ya saba, kiti kilikuwa kitupu. Athumani, kiongozi wa darasa, akajibu, "Somoe yuko kwenye arobaini, madamu. Futa tu, vitu vyake viko kwenye flashi."

Kumjibia asiyekuwepo ndiyo desturi yao. Kwenye mahudhurio wanajibiana, kwenye chakula wanawekeana. Siku zote nawakatalia, kila mtu aitike mwenyewe. Siku ile umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili, nikataka tumalize kabla haujakatika tena. Nikakubali. Nikabonyeza kwa kidole changu.

Kwenye flashi zilikuwemo kazi zake za darasani tu.

Kwenye mashine ilikuwemo sauti ya marehemu mama yake, dakika nne. Mama alijirekodi kwa simu ya kuazima akiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti wanachopanda kulinda mpunga, huku akiamia ndege wasiushukie. Simu ya Somoe ilipojaa, mimi ndiye niliyemshauri aihamishie maabara na kuifuta kule. "Huku haipotei," nilimwambia.

Huku haipotei.

Darasani huwa nawaeleza kwamba ukifuta faili, mfumo unaliondoa kwenye orodha yake tu. Kilichomo hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilijishikiza kwenye somo langu mwenyewe siku zote tatu. Niliendesha programu ya kurudisha mafaili, nikakaa mbele ya mashine ya saba kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Jina nililipata: "mama dunguni". Nikafungua. Mkwaruzo mfupi, kisha kimya. Tulikuwa tumeandika mfumo mzima juu yake.

Leo wenzake walipotoka nikamzuia. Nilimweleza kwa lugha ya ubaoni, diski, orodha, kuandika juu ya kilichoandikwa, kana kwamba nikieleza vizuri itauma kidogo. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo jina lipo," akasema.

"Lipo."

"Ila yeye hayumo."

"Hayumo. Nisamehe, mdogo wangu." Sijawahi kumwita hivyo.

Akaitazama mashine. "Imeshakuwa, madamu." Kisha akauliza, "Hii itakuja kwenye mtihani?"

Nilidhani ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka mle chumbani bila kulia mbele yangu, na mimi ndiye niliyekaa upande wa mlango.

Angenifokea ningepata nafuu.

Kuna jambo sikumwambia. Sauti ile niliwahi kuisikia. Kabla ya msiba aliwafungulia wenzake, maabara nzima ikacheka. Mama anausia, anakatiza, anafokea ndege, anaendelea pale pale alipoachia. "Usiende darasani na njaa, mwanangu, akili haikai penye... Hooo! Toka, mwanahizaya we! ...penye njaa." Nilikuwa mlangoni. Nikasema, "Zimeni hiyo, hapa ni maabara." Ikakatwa katikati.

Mimi naijua nusu ya kwanza tu.

Nilipokuwa natoka, Athumani alinisubiri getini, macho chini.

"Madamu, mimi ndiye niliyemjibia."

"Aliyebonyeza ni mimi."

Akachorachora mchanga kwa kandambili yake. "Ile sauti lakini sisi tunaijua. Ilipokuwa bado kwenye simu yake, kila tukipika nje ya mabweni alikuwa anatufungulia. Kuna wasichana wanaiigiza mpaka pale mama anapokohoa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Mwisho anawatukana ndege tu, hata kuaga haagi."

Nikacheka. Halafu nikasimama pale getini mpaka alipoondoka.

Najua kuigiza si sauti yake. Kikohozi cha kuazima si kikohozi cha mama. Huenda ikamuumiza zaidi, na huenda mimi ndiye ninayetaka dawa, nikisingizia ni yake. Ndiyo maana sitapanga lolote na wenzake nyuma ya mgongo wake. Nimeshakubali mara moja mtu mwingine amjibie.

Kesho nitamuuliza mwenyewe kama anataka kuisikia kwa midomo yao. Akikataa, basi. Akikubali, nitafungua maabara, nitakaa kiti cha nyuma kabisa, na nitaisikiliza ile nusu niliyoizima.