Nilichagua Mchele wa Msanii

Birmingham, Jumamosi, Februari 1974

Mvua ya barafu tangu asubuhi, basi la Edgbaston limechelewa, viatu vimelowa chapachapa, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu. Acha niandike kabla furaha haijapoa.

Leo sikuwa na zamu, nikaenda tena kwenye ukumbi wa maonyesho. Hospitalini mimi ni nesi mwanafunzi, wa kutumwa huku na huku. Pale ukumbini hakuna anayenituma, ndiyo maana napapenda, ingawa kazi za wasanii wa siku hizi huwa sizielewi. Huzitazama, nikatikisa kichwa kama watazamaji wenzangu, nikaondoka.

Chumba cha mwisho hakikuwa na picha. Sakafuni pametandazwa mchele, ukuta hadi ukuta, na ndani yake vijiwe vyeusi.

Nilichuchumaa nikaanza kuchagua.

Sijui nilipitiwa na nini. Mikono ilikuwa Birmingham, kichwa kiko Voi, jikoni kwa mama. Nilishajaza kiganja niliposikia mlinzi akinifokea. Watu wote wakageuka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikajua basi, hapa sitaruhusiwa tena kutia mguu.

Akaitwa msanii mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye rangi kwenye kucha. Hakunigombeza wala hakucheka. Alitazama pale nilipopasafisha, akapiga magoti, akaniomba vijiwe vyake.

Akaanza kuvirudisha. Anaweka kimoja, anarudi nyuma, anatazama, anakisogeza kidogo. Mimi nilidhani vilimwagwa tu. Kumbe kila kimoja kilikuwa na mahali pake.

Vichache alinirudishia. "Weka wewe, pale unapoona panafaa."

"Nitajuaje?"

"Utajua."

Nikaweka. Hapana. Nikasogeza kulia, bado. Nikasogeza tena, na ghafla mchele wote ukatulia, moyo ukanienda mbio. Hapo. Kwa nini hapo, siwezi kueleza hata sasa. Lakini tangu nifike nchi hii sijawahi kuwa na hakika ya jambo lolote namna ile.

Je, hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta, wote wale ambao picha zao nimekuwa nikizipita?

Nilipotoka, mlinzi alinishikia mlango. "Ukija tena, mikono mfukoni," akasema. Ukija tena! Nilitembea na neno hilo mpaka nyumbani, Balsall Heath.

Sasa niko jikoni, leo ni zamu yangu ya kupika. Mchele wa duka la yule Mhindi aliyehamia hapa kutoka Kisumu hauji bila mawe, nimeumwaga kwenye sinia na bado nautazama. Wanjiru, ninayekaa naye chumba kimoja, amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Wewe, leo tutakula ama tutaangalia? Kesho niko na duty mapema."

Nimemwomba asubiri kidogo. Kimebaki kijiwe kimoja, na sijaamua kama nikitoe au nikisogeze.