Siku Niliyokataa Kuchinja

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku Kiruruma hatujambo. Mguu wa bibi yako umepata nafuu na kahawa imeanza kuiva. Umeniuliza chama chetu cha Waislamu kilikufaje. Watu watakuambia kilikosa kura. Mimi nilikiona kikifa kabla ya hapo.

Nilikuwa katibu wa tawi, kijana mwenye kofia mpya. Rafiki yangu Bitegeko alikuwa Mlutheri, na kwao waliniita kila sherehe nichinje, ili sisi Waislamu nasi tule. Alipokaribia kuoa alikuja mwenyewe. Nikamjibu, "Siku hiyo nina mkutano wa chama. Tafuta mwingine."

Akasema, "Haya, ndugu yangu."

Ng'ombe akachinjwa na mjomba wake. Mkutanoni walikuja watu wanne. Waislamu wengine walikuwa kwa Bitegeko wakimsaidia kuchota maji, ingawa nyama ile wasingeila.

Hakuniita tena maisha yake yote.

Ijumaa iliyopita tulimzika. Mwanawe alikuja na kisu, akaniomba nichinje mbuzi wa matanga. Nilichinja, Zuhura, lakini nyama yake sikuila.

Babu yako,
Idrisa