Mkanda Si Ule wa Kifuani

Baba Shani,

Maharage yapo jikoni, yaunge tu. Mimi nimeenda Itumba kwa mama, nimepanda Hiace. Usinifuate na pikapu. ~~Ufunguo uko kwenye debe la unga.~~ Hapana, nakujua. Ufunguo nimemwachia fundi Makene.

Asubuhi nikifuta vumbi kwenye dashibodi, plasta yako ikabanduka. Chini yake taa inawaka: T-BELT. Ndiyo ile uliyosema inatukumbusha kufunga mikanda, ukatufunga wote mpaka na kuku wa mchungaji. Nikajiuliza, mbona tukifunga haizimi?

Nikaipeleka gari kwa Makene. Akacheka kwanza. Kumbe ni mkanda wa taimingi, uko ndani ya injini, na taa huwaka kilomita zikifika laki moja ili ubadilishwe. Wetu una nyufa kama visigino vyangu wakati wa kiangazi. Ukikatika, injini inakufa hapo hapo. Hebu fikiria ule mteremko wa Ileje, na Shani kakaa mbele.

Anaubadilisha leo. Usimharakishe.

Halafu nimeona plasta ya pili, karibu na usukani. Hiyo sijaibandua. Nikirudi uniambie mwenyewe imefunika nini.

Mama Shani